Randa Iliyopungua Milimita Tatu

"Mtu amekiri, Elinipa. Unataka akiri mara ngapi? Na ngoma ipigwe?"

Afande Ambokile, mkuu wa upelelezi wa kituo cha Kibaha, alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, funguo za gari zikilialia mkononi. Stafu Sajenti Elinipa hakuinua uso. Mezani kwake palikuwa na randa mbili za seremala, bahasha ya kaki, na chai iliyopoa tangu saa mbili.

"Nayasoma maelezo yake, afande."

"Yasome ukitembea. Kabla ya saa tisa huyo mzee awe mbele ya hakimu. Sheria inasema saa ishirini na nne, na sitaki wakili wa mtu aje kunifundisha kuhesabu."

Akaondoka. Elinipa akavua kiatu cha kulia chini ya meza. Muuzaji wa viatu hivyo aliapa kwa mama yake mzazi kwamba ni ngozi tupu, na sasa soli ilikuwa imeanza kucheka mbele za watu. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, ishirini na minane ndani ya gwanda, na bado anauziwa karatasi.

Kesi yenyewe ungeweza kuisimulia ukiwa kwenye foleni ya maji. Wiki mbili nyuma, Ponsiano, fundi samani wa mtaa wa Picha ya Ndege, alikuwa anaigonga randa yake kwa nyundo ndogo ili kisu kikae sawa, kama wafanyavyo mafundi wote. Kipande cha shavu la randa kikaruka na kumtoboa jicho. Randa ilikuwa na chapa ya HARKVELD, mali ya Ulaya, na aliinunua kwa bei ya Ulaya dukani kwa Castory, Mailimoja. Polisi walipofungua kisu, wakakuta chini yake kinundu cha chuma chenye mistari. Alama ya dole gumba.

Dole hilo kila seremala kutoka Kibaha hadi Kisarawe analijua. Ni la Mzee Mwinyimadi wa Msimbu, anayeyeyusha ngoma za breki za malori na kutoa randa. Kabla ya kumimina chuma hubonyeza dole lake kwenye mchanga, na kila randa hutoka nalo. Jana saa tisa walimfuata, wakamwonyesha ile randa iliyovunjika na chapa yake. Hakuuliza hata kosa lake. Alisema, na konstebo akaandika: dole ni langu, randa ni yangu, chapa niligonga mimi.

Elinipa akamwagiza konstebo amlete.

Mzee aliingia taratibu, msuli wake ukiwa umekunjamana kwa kulalia sakafu. Mwembamba, mikono mikubwa kuliko mwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Sijalala nikaamka. Kaa."

Akaimwaga bahasha: kofia, tasbihi, simu ya kitochi iliyofungwa mpira, na ufunguo mdogo wa shaba kwenye uzi mweusi.

"Huu ufunguo wa nini?"

"Wa sanduku."

"Lina nini?"

"Vitu vya mzee."

Elinipa akasukuma mbele yake ile randa iliyovunjika. Mzee akaipokea kwa mkono wa kulia, vidole vikaizunguka, vikaachia, vikaizunguka tena, kama mtu aliyesalimiana na ndugu gizani akakuta mkono si wenyewe. Kisha akairudisha mezani na kufuta kiganja kwenye msuli.

"Chapa hii uligongea wapi?"

"Kwangu."

"Lisome hilo jina."

Mzee akalitazama. Midomo ikajaribu, ikaacha.

"Majina ya Wazungu yana miiba, mwanangu."

"Uligonga herufi nane, moja moja, huku hujui zinasema nini?"

Elinipa akaichukua ile ya pili, waliyoikuta kwa mzee mwenyewe. Puani palikuwa pameandikwa MWINYIMADI MSIMBU, kwa herufi zilizokwenda upande lakini zinasomeka.

"Hii nayo ni kopi. Umeiga ya Wazungu."

"Kuiga si kuiba." Kwa mara ya kwanza sauti ilipata damu. "Nikiwa kijana nilimfanyia kazi Mjerumani wa misheni. Randa yake niliipima kwa uzi, nikaitengeneza miaka mitatu mpaka ikakubali. Lakini niliandika langu. Anayenunua anajua anamnunua Mwinyimadi. Ikiharibika anajua aje amtukane nani."

"Na hii ya jicho la watu?"

Damu ikatoka kwenye sauti. "Andika tu, mwanangu. Nimechoka."

"Hata mimi nimechoka, mzee. Ndiyo maana sitaki kuandika mara mbili."

Akamrudisha mahabusu, akavaa kiatu. Kwenye daftari lake aliandika maneno mawili tu: *Hawezi kulisoma*. Akafikiri kidogo, akaongeza: *Alifuta kiganja*.

*

Wodini, hospitali ya Tumbi, Ponsiano alikuwa ameketi kitandani, bandeji imefunika nusu ya uso. Mkewe, Bertha, alikuwa anamenya chungwa na kusimulia kitanda cha jirani habari za kitanda cha pili yake.

"Afande, karibu, kaa hapa, sogeza hiyo beseni," alisema Bertha. "Mmempata? Mumfunge. Kamati ya arusi ya mdogo wangu ilikuwa inategemea makabati yake huyu."

"Bertha, muache afande apumue," alisema Ponsiano.

"Nasikia ulikuwa na randa ya Mwinyimadi kabla ya hii," alisema Elinipa.

"Miaka kumi na moja. Haikuwahi kunisumbua hata siku moja."

"Sasa ukaiacha kwa nini?"

Ponsiano akacheka bila furaha. "Kwa maneno ya watu, afande. Unakwenda kwa bosi, unatoa randa, anaisoma: Msimbu. Anakuuliza, 'Fundi, huna vifaa vya maana?' Ukitoa yenye jina la Ulaya, hata chai unaletewa na kisosi. Nikasema acha na mimi niwe na orijino mara moja kabla sijafa."

"Ukaenda kununua Msimbu ile ile, iliyobatizwa," alisema Bertha.

"Siyo ile ile," alisema Ponsiano. Jicho lililobaki likatazama kiganja chake. "Ya mzee ilikuwa inajaa hapa. Hii ilikuwa inapwaya kidogo. Nikasema labda Wazungu wana mikono midogo. Na haikuwa na sauti. Ya mzee ukiigonga inalia, hii sauti ilikuwa inakatika. Ningejua, nisingegonga."

"Castory alimwambia konstebo wetu kwamba wewe ndiye uliyekosea kuigonga kwa nyundo."

"Kwa hiyo niiombe kwa sala? Randa inagongwa, afande! Tangu babu wa babu."

Elinipa aliandika. Bertha akamkabidhi kipande cha chungwa bila kumuuliza kama anataka.

"Lakini afande, nikwambie kitu. Huyo mzee namjua. Alilazwa hapa hapa mwezi wa saba, kile kitanda cha dirishani. Mguu, sukari. Wiki tatu nzima. Nilikuwa namuuguza shangazi, tunakutana na binti yake kule nje kwenye kuosha vyombo. Mwanne. Mtu wa watu, ila mikono! Imejaa makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Kuna wiki hakuonekana. Alivyorudi nikamuuliza, akasema kulikuwa na mzigo wa watu, neno la mzee lisilale njiani."

"Wiki gani?"

"Ya pili. Nakumbuka kwa sababu alinikopa sabuni na hakuirudisha."

Elinipa alikula lile chungwa. Lilikuwa chachu, na lilikuwa chakula chake cha kwanza tangu asubuhi.

*

Castory hakuwa mtu wa kusalimiwa mara moja. Duka lake la vifaa vya ujenzi pale Mailimoja lilikuwa na redio mbili, vijiwe viwili vya wapiga soga, na yeye katikati akitoa hukumu za mpira. Alipoona kitambulisho alipunguza redio moja.

"Afande, mimi nimeuza tu. Mkononi kwa mtu nimepokea, mkononi kwa mtu nimetoa. Jamaa kagonga nyundo kama anavunja kifuu."

"Umebaki nazo ngapi?"

"Hakuna. Zilikwenda kama maandazi."

Elinipa alizunguka kaunta bila kuomba. Kwenye droo ya chini, chini ya misumari ya bati, alikuta randa moja ya HARKVELD kwenye nailoni, na kando yake kisanduku cha vyuma vya kugongea herufi.

"Hizi za nini?"

"Za majirani. Wanaazima kuandika majina kwenye majembe."

"Nipe kipande cha bati. Na nyundo."

Kijiwe kilisogea kuangalia. Elinipa akachagua chuma cha R, akagonga bati. Herufi ikatoka na mguu mmoja mfupi, kama imekanyaga moto. Akaliweka bati kando ya randa. R ya HARKVELD ilikuwa inachechemea hivyo hivyo.

"Duh," alisema mtu kijiweni. "R kilema."

Castory akazima redio ya pili.

"Sawa. Jina ni langu. Nilisaga la mzee, nikagonga la Wazungu. Lakini jina, afande, jina halimtoboi mtu jicho! Chuma ni cha Msimbu. Na tusidanganyane, nani hapa ana orijino? Hiyo jezi ya yule? Hizo spea? Hivyo viatu vyako?"

Kijiwe kilitazama viatu. Elinipa naye akavitazama. Soli ilikuwa inacheka zaidi.

"Vimenichubua kisigino," alisema. "Ndiyo sababu nimekuja na hasira. Mzigo ulikuja lini?"

Castory akatoa simu, akapekua picha. Randa kumi na mbili zimepangwa kwenye mkeka, zimetumwa tarehe kumi na nane mwezi wa saba, na chini yake maneno: *Mzigo wako tayari*. Namba aliihifadhi kwa jina la RANDA MSIMBU.

"Ulizungumza na mzee mwenyewe?"

"Mwezi wa sita, uso kwa uso. Nikamwambia kumi na mbili, akasema mwezi wa saba katikati zitakuwa tayari. Zikawa tayari. Mimi nikauliza la nini tena?"

"Alijua kama utasaga jina lake?"

Castory akakuna shingo. "Angejua asingeniuzia."

Elinipa aliinakili namba. Simu ya mzee, ile ya kitochi iliyofungwa mpira, isingeweza kutuma picha hata ya kuku. Alimwacha Castory mikononi mwa konstebo aliyekuja naye, akapanda gari akiwa na randa tatu mapajani, kama mama wa watoto pacha waliozidi.

*

Dereva alishika njia ya Kiluvya kuelekea Kisarawe. Saa tano na nusu walikuwa Msimbu.

Nyumbani kwa Mzee Mwinyimadi watu walikuwa wamejaa kama kuna maulidi. Ndivyo ilivyo huku: mtu akichukuliwa na polisi, jirani haendi shamba. Wanawake walikuwa wanamenya mihogo, wanaume wanazungumza kwa sauti ya chini habari ambazo wote walikuwa wanazijua. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda, tanuru la udongo, mivukuto ya kupulizia moto, na masanduku ya mchanga mweusi.

Aliyempokea alikuwa Mzee Shabani, seremala, rafiki wa Mwinyimadi tangu jandoni. Alizipokea randa zote tatu, akazipanga juu ya benchi: ya mzee, iliyovunjika, na ile ya droo ya Castory. Akaziangalia kwa muda mrefu bila kugusa.

"Mama, una rula?"

Dereva alikuwa nayo garini. Shabani akaipima ya Mwinyimadi, kutoka puani hadi kisigino.

"Soma."

"Ishirini na tano kamili."

"Hii ya jicho."

Elinipa akainama. Akafuta rula kwa kidole, akainama tena. "Ishirini na nne nukta saba."

"Na hii."

"Ishirini na nne nukta saba." Akanyooka, kiuno kikalalamika. "Milimita tatu. Zimesagwa?"

"Zikisagwa zinapungua upande mmoja. Hizi zimepungua mwili mzima, hata upana. Chuma kikiwa uji kinajaa, kikipoa kinanywea. Kwa hiyo fundi anachonga kielelezo cha mti, anakiongeza kidogo, unene wa kucha, ili chuma kikinywea kibaki kipimo. Mwinyimadi anacho kielelezo chake, cha mninga. Kiko kwenye sanduku, kimefungwa kufuli, ufunguo anatembea nao kiunoni. Hata mimi sijakigusa."

"Na asiye na kielelezo?"

"Anachukua randa iliyokwisha tengenezwa, anaizika mchangani, anaitoa, anamimina kwenye shimo lake. Anapata mtoto wa randa. Mfupi."

"Na dole?"

"Dole linazikwa pamoja na mama yake. Linatoka na mistari yote."

Basi dole lilikuwa la mzee na mkono haukuwa wake. Elinipa alikumbuka vidole vikizunguka, vikiachia, vikizunguka tena. Mtu aliyeshika kipimo kimoja miaka arobaini angekosaje kuzijua milimita tatu? Alijua pale pale. Alijua kabla ya kuirudisha mezani.

"Pitisha kidole kwenye mvunjiko," alisema Shabani.

Alipitisha. Palikuwa peupe, pamemeta kama chumvi ya mawe. Kidole kilitoka kisafi. Shabani akaokota kipande cha randa kuukuu chini ya benchi, akamwambia apitishe na hapo. Kidole kilitoka cheusi, kama cha mpishi aliyeshika sufuria.

"Chuma kilichopumzika kinaacha masizi. Hiki kimetolewa mchangani kingali chekundu, kikapigwa na upepo. Kimekuwa kigumu kama kigae, na kina akili ya kigae."

"Mzee hufungua mchanga baada ya muda gani?"

"Anamimina Alhamisi alasiri. Ijumaa hakuna anayegusa. Jumamosi anafungua peke yake, watu hawajaamka."

"Ijumaa kwa ajili ya msikiti."

"Ndivyo anavyowaambia." Shabani akacheka kidogo, halafu akaonekana kutamani kukirudisha kile kicheko mdomoni.

Elinipa alifunga daftari. Aliwageukia wote waliokuwa pale.

"Mwezi wa saba mzee alikuwa Tumbi, wodini, wiki tatu. Tanuru hili lilizimwa?"

Kisu cha mwanamke mmoja kilisimama katikati ya muhogo.

"Nani alimimina?"

"Mama," alisema Shabani polepole, "mimi nimekujibu habari za chuma. Habari za watu waulize watu."

"Mwanne yuko wapi?"

Aliyejibu alikuwa yule wa muhogo, bila kuinua macho. "Amempelekea baba yake chakula. Kibaha."

Garini Elinipa aliipiga ile namba ya RANDA MSIMBU. Iliita mara mbili.

"Haloo? Mwanne hapa. Niko polisi Kibaha, sisikii vizuri, wewe nani mwenzangu?"

"Nakuja," alisema Elinipa. "Usiondoke." Akakata. Dereva, aliyekuwa anapenda kuzungumza, alimwonea huruma akawasha redio kwa sauti ndogo.

*

Saa saba na robo. Mwanne alikuwa kwenye benchi mbele ya kaunta, hotpoti imefungwa kwa kanga mapajani. Mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, mabega mapana, mikono kama Bertha alivyoisema.

"Shikamoo, afande. Wamesema nisubiri. Chakula kitapoa."

"Marahaba. Njoo ndani. Ale mezani kwangu."

Alimtoa mzee mahabusu. Mwanne akafungua hotpoti, wali na kisamvu, akammiminia baba yake maji ya kunawa. Mzee alikula matonge mawili. Elinipa alingoja lile la tatu, na alijichukia wakati anangoja. Miaka ishirini na minane imemfundisha kwamba swali la kosa linajibiwa kwa uongo, ila swali la kazi fundi hulijibu kwa kweli hata usingizini.

"Mwanne, zile kumi na mbili mchanga ulizifungua lini?"

"Asubuhi yake," alisema Mwanne. "Nilimimina Jumapili jioni, nikafungua Jumatatu alfajiri. Bado zilikuwa..."

Alisita. Tonge la baba yake lilikuwa limesimama hewani.

"Mwanne," alisema mzee.

"Afande ameuliza kazi, baba."

"Mwanangu, nyamaza."

"Ninyamaze nini? Ni kazi!" Kisha akaona zile randa tatu kwenye meza, zimepangwa, na rula kando yake. Akaitazama iliyovunjika. Akamtazama baba yake. "Walisema wamekukamata kwa sababu ya jina. Jina la Wazungu. Nikasema Castory ataeleza, utatoka."

"Jina ni la Castory, na amekiri," alisema Elinipa. "Lakini fundi mmoja amepoteza jicho. Siyo kwa jina."

Mwanne alinyoosha mkono akapitisha kidole kwenye mvunjiko. Akakigeuza kidole kwenye mwanga. Hakuhitaji kuelezwa na mtu.

"Peupe," alisema.

"Kwa nini ulifungua asubuhi yake?"

"Kwa sababu..." Sauti ilikuwa ndogo sasa, sauti ya mtu anayetafuta kitu alichokuwa ameshika. "Miaka kumi na minne nimevukuta mivukuto pale. Kila Alhamisi anamimina, anatufukuza wote. Jumamosi naamka nakuta randa ziko kwenye benchi. Nilidhani ile Ijumaa ni ya msikiti. Jumatatu haina sala ya Ijumaa, afande. Nikafungua."

Nje Afande Ambokile alikuwa anagombana na mtu kuhusu mafuta ya gari.

"Na kielelezo?"

"Sikuwa nacho. Anakifunga. Alisema ni cha Seifu."

"Seifu ni nani?"

"Kaka yangu. Anaendesha lori, Tunduma huko. Kazi ya mchanga haijui." Akamgeukia baba yake. "Neno lako lilikuwa nje, baba. Kumi na mbili, katikati ya mwezi wa saba. Ulikuwa umelala na mpira puani. Ningefanyaje?"

Mzee alirudisha tonge kwenye sahani. Akanawa, akakausha vidole kimoja kimoja.

"Mwanangu," alimwambia Elinipa, "nilikwambia uandike."

"Uliniambia uongo, mzee."

"Siyo wote. Nilisema nimechoka."

Elinipa alitoa karatasi mpya. Aliandika kwa mwendo wa mtu anayepanda ngazi. Castory atapanda mahakamani leo kwa chapa na kwa kuuza. Mwinyimadi wa Msimbu anaachiwa, maelezo yake ya jana si ya kweli. Mwanne Mwinyimadi abaki kwa mahojiano, atoe maelezo, na wakili wa serikali aamue kosa lake lina jina gani. Yeye Elinipa alikuwa anayafahamu majina mengi ya makosa na hakuna hata moja lililokaa vizuri hapo, lakini kwenye kitanda kule Tumbi kulikuwa na mtu mwenye jicho moja, na hilo nalo lilikuwa halina pa kukaa.

"Jina lako lilikuwa kwenye zile ulizotengeneza?" aliuliza bila kuinua kalamu. "Kabla Castory hajasaga?"

"La baba."

"La kwako?"

Mwanne alimtazama kana kwamba ameulizwa kama ana mkia.

Kwenye kaunta konstebo alifungua daftari la mali za mahabusu na kuanza kusoma kwa sauti ya kuchoka, maana zamu yake ilikuwa inaisha. "Kofia moja. Tasbihi moja. Simu moja. Ufunguo mmoja. Weka dole hapa, mzee."

Mzee akabonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, kwa uzito ule ule wa kubonyeza mchanga. Akavaa kofia, akatia tasbihi na simu mfukoni. Ufunguo ulibaki kiganjani. Akaufungua uzi wake mweusi, akaurefusha, akamvika binti yake shingoni, akautumbukiza ndani ya blauzi kama anavyovikwa mtoto hirizi.

"Siku mbili," alisema. "Si moja. Siku mbili chini ya mchanga, hata kama aliyeagiza ni rais. Na mti unazidi kwa unene wa kucha. Nikija kesho na chakula nitakwambia habari za upepo."

"Baba, watu wanaangalia."

"Waangalie. Nilificha miaka kumi na minne, imetosha."

Konstebo alikuwa amekwisha geuza ukurasa. Aliandika jina la Mwanne juu ya mstari mpya, akaanza kupokea. "Simu moja. Kanga moja. Hotpoti moja." Akaona uzi mweusi shingoni, akanyoosha mkono. "Na huo ufunguo. Si tumeshamrudishia mzee? Niandike wa nani?"

Alimtazama Elinipa. Elinipa alikuwa ameegemea kaunta, kiatu kimoja mkononi.

"Andika wa kwake," alisema.